Mililita tano

Leo ni siku ya 9 tangu kijana wetu afanyiwe upasuaji wa utumbo, na asubuhi hii amepata maziwa yangu kwa mara ya kwanza. Mililita 5, kwa mrija wa puani, polepole. Nesi aliinua bomba la sindano nami nikahesabu kila alama maziwa yakishuka. Hakutapika!

Alizaliwa na kilo 2.9, analia vizuri. Siku ya pili akaanza kutapika kijani. Mama wa kitanda cha pili aliniambia ni gesi tu, lakini nesi wa zamu alipoona ile rangi alimbeba mbio kwa daktari. Wazazi wenzangu, mtoto mchanga akitapika kijani msingoje kesho. Hiyo ni nyongo, na huenda utumbo umeziba.

Tangu hapo kazi yangu ni kunawa mikono, kukamua maziwa kila baada ya saa 3, na kutazama mfuko wa ule mrija: kijani, baadaye manjano, mwisho maji tu. Jana jioni akachafua nepi. Nililia mbele ya watu. Baba yake alipofika kutoka Kawangware, na baridi hii ya Julai, chupa ya uji mkononi, nilimwonyesha ile nepi kabla hata ya salamu.

Kidonda kinakauka. Daktari akikubali, kesho nitamlaza kifuani. Asanteni sana mliotoa damu na mnaotuombea. Msichoke.