Jumamosi ya Vitabu Philadelphia

Kati ya Baltimore na Philadelphia treni huvuka mto Susquehanna juu ya daraja la chuma la mwaka 1906, na asubuhi ile ya Februari mto wote ulikuwa na rangi ya bati. Mpwa wangu hakuutazama. Ni binti wa miaka minane, na alikuwa amefungua daftari lenye orodha ya vitabu anavyovitaka, bei ikiwa mbele ya kila kimoja. Alipomaliza kujumlisha akaniuliza, "Mjomba, umebeba shilingi ngapi?" Akiwa na mimi dola huziita shilingi. Nikamjibu kwamba mambo ya fedha hayazungumzwi hadharani, akanyamaza, lakini niliona anajumlisha upya.

Tulikuwa tunakwenda kwenye Maonyesho ya Vitabu vya Watoto ya Wamarekani Weusi, ambayo hufanyika Philadelphia kila mwaka, Jumamosi moja tu ya Februari, na kuingia ni bure. Aliyeyaanzisha ni Vanesse Lloyd-Sgambati, mama ambaye kazi yake ni kuvitangaza vitabu na waandishi. Mwaka 1992 aliwakusanya watu wapatao 250 ndani ya duka kubwa la Wanamaker, katikati ya jiji. Baadaye shughuli ilikaa miaka mingi kwenye ukumbi wa Community College of Philadelphia, na watu walipozidi kuongezeka ikahamia Pennsylvania Convention Center. Siku hizi wanaokuja huhesabiwa kwa maelfu.

Kituo cha 30th Street ni jengo la kukufanya uvue kofia. Dari iko juu sana, na pembeni amesimama malaika wa shaba aliyemnyanyua askari aliyekufa, kumbukumbu ya wafanyakazi wa reli waliouawa katika Vita Kuu ya Pili. Mpwa wangu alitaka kujua malaika anampeleka wapi. Nikamwambia tutachelewa. Tukapanda treni ndogo ya mjini, vituo viwili, tukashukia Jefferson, na kutoka hapo ni hatua chache tu kwa miguu, ingawa kwa upepo ule zilionekana nyingi.

Milango ilikuwa ifunguliwe saa saba mchana na shughuli iishe saa kumi. Saa sita bado, foleni ilikuwa imeshapiga kona. Nimepanga foleni nyingi maishani, za mafuta ya taa, za kitambulisho, za viza, na hii ndiyo ya kwanza kukuta watu wamevaa nguo zao za kanisani. Kulikuwa na mabibi wenye kofia za manyoya, akina baba waliobeba watoto mabegani, na walimu wenye mabegi ya magurudumu yaliyo matupu. Yale mabegi nilikuja kuyaelewa baadaye.

Mbele yetu alikuwa bibi mmoja wa hapohapo mjini, mwalimu mstaafu, na wajukuu wawili. Aliposikia tunavyozungumza aligeuka akauliza kama hicho ni Kiswahili. Nilipokubali, akakaza uso kama mtoto aliyeitwa ubaoni, akahesabu moja mpaka kumi bila kukosea. Mpwa wangu, kwa kutotaka kushindwa, akaanza naye. Alifika sita, akakwama, akamalizia kwa Kiingereza. Wajukuu wakacheka. Mimi sikucheka, maana lawama ile ilikuwa ya nyumbani kwetu.

Bibi alijifunza kuhesabu kutoka katika kitabu cha picha kiitwacho Moja Means One, cha mwaka 1971. Mwandishi wake, Muriel Feelings, ni mzaliwa wa Philadelphia aliyekwenda kufundisha Uganda katika miaka ya sitini. Picha zilichorwa na mumewe Tom Feelings, ambaye naye aliwahi kufanya kazi Ghana. Mwaka 1972 kitabu hicho kilipata heshima ya Caldecott, inayopewa vitabu vinavyokifuata kile kinachoshinda nishani ya Caldecott, tuzo ambayo kwa wachoraji wa vitabu vya watoto Marekani hakuna inayoizidi kwa jina, na miaka mitatu baadaye wakaipata heshima hiyo tena kwa kitabu chao cha alfabeti ya Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili kiliingia vyumba vya watoto wa Philadelphia kabla mimi sijazaliwa, na kilipita Kampala, wala hakikupita Tanga kwetu.

Milango ikafunguliwa, tukasukumwa ndani.

Usidhani ni tamasha la ngoma na maputo. Ukumbi umejaa meza ndefu, na nyuma ya kila meza wameketi waandishi na wachoraji, kalamu mkononi. Vitabu vyao vinauzwa hapohapo. Mtoto anachukua kitabu, mzazi analipa, kisha mtoto mwenyewe anasimama mbele ya aliyekitunga, anataja jina lake herufi kwa herufi, na linaandikwa kwenye ukurasa wa kwanza. Upande mmoja kuna safu ya meza zinazogawa bure mabango, kadi na mifuko. Kuna pia sehemu ya walimu, ambako hupewa vitabu vya kupeleka darasani. Ndipo nilipoelewa yale mabegi ya magurudumu.

Pamoja na hayo ya bure, wito wa maonyesho haya tangu zamani hausemi chukua. Unasema: hifadhi urithi, nunua kitabu. Hilo lilinigusa kuliko mabango yote. Mimi nimesoma shule ya msingi ambayo kitabu chochote kizuri kilikuwa na mhuri wa "Hakiuzwi". Tulikikuta, tukakisoma watatu kwa kimoja, tukakirudisha kabatini, na kabati likafungwa kwa kufuli. Haikutupitia akilini kwamba kitabu cha hadithi ni kitu ambacho mtu anaweza kukitamani dukani kama viatu, akamsumbua baba yake mpaka akinunue.

Wamarekani Weusi walikuwa na tatizo jingine, ingawa mwisho wake ulifanana. Mwaka 1965 mwalimu Nancy Larrick alichapisha uchunguzi wa vitabu vya watoto 5,206 vilivyotolewa kati ya 1962 na 1964. Vilivyokuwa na mtu Mweusi hata mmoja, awe ndani ya maneno au ndani ya picha, vilikuwa 349. Miaka ishirini baadaye, kituo cha vitabu vya watoto cha Chuo Kikuu cha Wisconsin kule Madison kilianza kuhesabu vilivyotungwa au kuchorwa na Weusi wenyewe. Mwaka 1985 vilikuwa 18 kati ya takribani 2,500. Mchapishaji ni mfanyabiashara: akiamini kundi fulani halinunui, hachapi, na asipochapa, kundi hilo halina cha kununua. Mtu anayepanga meza, kuwaita waandishi na kuwaambia wazazi waje na pochi zao anaukata mzunguko huo pale unapokatika, kwenye mauzo.

Nyumbani mzunguko huohuo ulikatwa upande wa pili. Mwaka 1991, mwaka mmoja kabla ya mkusanyiko wa Wanamaker, ulianzishwa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada. Mchapishaji alichapa nakala 5,000, mradi ukanunua 3,000 na kuzipeleka shuleni na maktaba, na zilizobaki akazitafutie soko mwenyewe. Ilikuwa akili nzuri. Waandishi na wachoraji wengi wa kwetu wasingechapwa bila mpango huo. Lakini zile 2,000 zilizobaki ndizo zinazonikereketa mpaka leo. Nani aliwahi kumpeleka mtoto Jumamosi akapange foleni kwa ajili ya nakala hizo? Tunajaza viwanja kwa mambo mengine, na sisemi ni mabaya.

Basi, turudi ukumbini, maana mjomba niko nimesimama na makoti mawili mkononi.

Mpwa wangu alisahau orodha yake ndani ya dakika kumi. Alimwona mchoraji mmoja akichora uso wa mtoto kwa mistari michache, kalamu bila kunyanyuliwa, akaganda pale. Alimuuliza kitabu kizima humchukua muda gani. Mchoraji akamwambia cha mwisho kilimchukua zaidi ya mwaka. Binti akanigeukia kwa macho makali, kana kwamba mimi ndiye niliyepanga bei ya dola kumi na nane na kuona ni nyingi. Tukanunua.

Jina lililotajwa mezani zaidi siku ile ni la mtu ambaye hayupo tena. Jerry Pinkney alizaliwa mji huu mwaka 1939, mtaa wa Germantown. Utotoni aliuza magazeti barabarani huku akichora wapita njia, na mchora katuni mmoja, John Liney, akamwona na kumwalika kwenye ofisi yake. Mwaka 2010 akapata nishani yenyewe ya Caldecott, Mwamerika Mweusi wa kwanza kuipata peke yake, kwa hadithi ya simba na panya isiyo na masimulizi ya maneno, picha tupu na milio ya wanyama. Mahali alipoiweka ni Serengeti. Alifariki mwaka 2021. Nilikifungua kitabu hicho nikaona twiga, na mbele yangu mtoto wa Philadelphia akimsimulia mdogo wake kwa maneno yake mwenyewe, kwa kuwa ukurasa haumzuii. Hicho nilikinunua bila kuombwa.

Kasoro zipo. Muda wa saa tatu ni mfupi mno kwa umati ule. Meza za waandishi wenye majina zina foleni ndani ya foleni, na mtoto mwenye haya atapitwa na wenye viwiko. Kelele ni za soko la samaki. Na katika meza nilizozipita sikuona hata kitabu kimoja kutoka Dar es Salaam au Nairobi. Si kosa la wenyeji, hii ni siku yao. Ila wazazi wa Kiswahili waliotapakaa kuanzia Boston mpaka Washington wangetosha kabisa kujaza ukumbi wao wenyewe.

Tukatoka saa kumi, tukaingia Reading Terminal Market, soko lililo chini ya banda la treni la mwaka 1893 ambalo treni zake zilikoma mwaka 1984. Wakulima wa Pennsylvania wanauza kuku na mikate, na Jumamosi ukipata kiti humwachii mtu. Binti alikataa kula mpaka mikono ipanguswe, yake na yangu, vitabu vikiwa mezani.

Kwa atakayekwenda: fika saa moja kabla ya mlango kufunguliwa, vaa viatu vya kusimamia, na mpange mapema ni meza zipi mbili mtaanza nazo. Pesa ya chakula na ya tiketi ya kurudi iweke mfuko mwingine kabla ya kuingia ukumbini, kwa sababu ukishatoka hutaikuta.