Ukifika Uholanzi, shuka Leiden

Watu wetu wengi wakienda Uholanzi mawazo yote huwa Amsterdam, lakini mie nikiulizwa na mtu yeyote hapa Mombasa namwambia aende Leiden kwanza, na si kwa sababu ya picha.

Kufika si kazi ngumu. Visa ya Schengen anza nayo mapema sana, hiyo usiilalie. Kutoka Mombasa uende Nairobi kwa ndege ama kwa treni ya SGR ukitaka kubana pesa, halafu kuna ndege ya moja kwa moja mpaka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, kama masaa nane hivi. Stesheni ya treni iko chini ya uwanja wenyewe wa ndege, kwa hivyo unateremka na begi lako, unagusisha kadi ya benki kwenye kimashini, unapanda, na dakika kama ishirini baadaye uko Leiden Centraal. Ukishuka gusisha tena ile kadi, la sivyo utakatwa pesa zaidi.

Kutoka hapo ni miguu tu, mifereji na madaraja kila kona, na ukisikia kengele ya baiskeli nyuma yako pisha haraka.

Sasa, historia yake ndo ilonishika. Mwaka 1573 na 1574 Wahispania waliuzingira mji huu, chakula kikaisha, watu wakafa kwa maelfu, njaa na maradhi, wasifungue milango. Mwisho Willem van Oranje, kiongozi wa Waholanzi walioasi utawala wa Hispania, na wenzake wakabomoa kingo zinazozuia maji, mashamba yote yakafunikwa, mashua za waasi zikaja zinaelea pale palipokuwa malisho ya ng'ombe, na tarehe 3 Oktoba 1574 Wahispania wakakimbia. Waokoaji waliingia na samaki wa herring na mkate mweupe, na mpaka leo kila Oktoba 3 watu wanapanga foleni kugaiwa vitu hivyo hivyo.

Na mwaka uliofuata, 1575, mji ukapewa chuo kikuu, cha kwanza nchini humo. Wareno walianza kuijenga ngome yetu ya Fort Jesus hapa Mombasa 1593, yaani wanafunzi wa Leiden walikuwa darasani miaka 18 kabla! Sisi pia tumezingirwa jamani, 1696 mpaka 1698 pale pale ngomeni, lakini TUM yetu (Technical University of Mombasa) imepata hati ya chuo kikuu 2013. Hilo liliniuma, na bado laniuma.

Jengo la zamani la chuo liko Rapenburg, mfereji mzuri kuliko yote. Nyuma yake kuna Hortus Botanicus, bustani ya 1590 ambapo Clusius, mtaalamu wa mimea, alipanda tulipu, hapo kuna kiingilio ila lipa tu. Burcht, ile ngome ya duara juu ya kilima, ni bure na unauona mji wote. Rembrandt, yule mchoraji, naye kazaliwa hapa, 1606. Na chuoni hapo Kiswahili kimesomeshwa miaka mingi, kuna na kituo cha masomo ya Afrika chenye maktaba kubwa, ukiwa mpenda vitabu jipe nusu siku nzima.

Ukitaka kuiona hiyo sherehe ya Oktoba tafuta chumba mapema maana mji hujaa, na beba jaketi la mvua, si la mapambo.