Bahar narenj

Ifikapo Ordibehesht, mwezi wa pili wa kalenda ya Iran, mji mzima wa Shiraz hunukia. Unapanda basi, dirisha liko wazi, harufu inaingia nawe. Mwaka niliokuwa nasoma Kiajemi huko nilipanga chumba kwa mama mmoja mtu mzima. Majirani walimwita Haj Khanom, nami nikamwita hivyo hivyo. Uani kwake palikuwa na mdanzi mkubwa.

Darasani tulishapewa maneno ya majira yale: bahar, yaani majira yenyewe ya machipuko, shokufe, maua ya miti ya matunda, sabze, ngano inayooteshwa kwenye sahani kwa ajili ya meza ya Nouruzi, sikukuu ya mwaka mpya wa Iran. Nililokuwa sijapewa nilifundishwa na Haj Khanom.

Asubuhi ya Ijumaa moja alinigongea mlango. "Dokhtaram," yaani binti yangu, "njoo unisaidie." Chini ya mti alikuwa ametandika shuka. Akashika tawi, akalitikisa taratibu, maua meupe yakamwagika. Akaniwekea moja kiganjani: "Bahar narenj." Narenj nililijua, ndilo danzi. Kumbe ua lake wameliita kwa jina la majira yenyewe! Nililipenda neno lile papo hapo, na mpaka leo silitamki bila kutabasamu.

Tukakaa kuchambua. Petali zake ni nene, zinateleza kama nta, na katikati kuna nyuzi za njano. Hizo tulizing'oa moja moja, maana zina uchungu. Vidole vilinukia hadi usiku. Nimekulia kwenye asumini na viluwa vya Tanga, lakini harufu ile sijapata kuinusa kwingine.

Fungu moja tulilianika kivulini kwa ajili ya chai. Jingine lilikuwa la jamu: petali zinachemshwa, maji yanamwagwa, zinachemshwa tena mpaka uchungu uishe, ndipo zinapikwa na sukari na iliki. Wengine huyakeneka maua hayo, wakapata maji ya kutilia sharubati.

Jioni nilimpigia mama simu. Akaniuliza, "Na madanzi yenyewe wanayafanyia nini?" Nikamwambia wanayakamulia samaki. Akafurahi sana, akaniagiza nisirudi bila yale maua makavu. Nilimpelekea mfuko mzima, na kwa muda mrefu wageni wake walinyweshwa chai ya bahar narenj badala ya mchaichai.