Mgeni Aliyepewa Jembe Siku ya Kwanza

Saa nne asubuhi jua la Julai lilikuwa limeshaichoma lami mpaka ukitazama mbele unaona kama maji. Mwenyekiti wa klabu yetu ya magari alikuwa amesimama katikati ya uwanja wa zamani wa ndege, koni ya rangi ya chungwa kwapani, redio mkononi, na zile raba nyeupe alizovaa kwa ajili ya picha zilikuwa zimeshageuka kijivu. Akanitazama kutoka mbali, asiseme kitu. Mimi nikajifanya napima upepo wa matairi.

Kosa lilikuwa langu, ngoja niwasimulie.

Huku Marekani kuna mchezo unaitwa otokrosi. Mnapata eneo kubwa la lami, labda maegesho ya uwanja wa mpira au njia ya ndege isiyotumika tena, mnapanga koni kwa mamia mpaka inatokea njia ya kupinda na kupindua, kisha magari yanapita moja moja kushindana na saa. Hakuna kumpita mwenzako wala kugusana. Raundi moja inakwisha ndani ya dakika moja hivi, na mwendo kwa kawaida hauzidi ule wa barabara kuu, ila kwenye njia nyembamba ya koni unauhisi mara tatu. Koni ukiiangusha, au ukiisukuma ikatoka yote nje ya kiboksi cha chaki kilichochorwa kuizunguka, unaongezewa sekunde 2. Ukikosa lango, yaani pengo la kupita kati ya koni, raundi hiyo imekufa. Klabu nyingi zinafuata kanuni za Sports Car Club of America, SCCA, chama kilichoanza mwaka 1944, na mashindano yake ya taifa hufanyika Lincoln, Nebraska, kila Septemba. Gari unaloendea kazini Jumatatu ndilo hilo hilo unalochezea Jumapili. Utamu wake uko hapo.

Nimecheza misimu mitatu sasa, mara nyingi nikiwa Mwafrika peke yangu uwanjani. Wakati huo huo nina klabu nyingine, ile ya Mwenyekiti, ya sisi watu wa Afrika Mashariki: Watanzania, Wakenya, Waganda, Warundi wachache. Tunakutana Jumamosi kutazamana rimu, kusikilizana ekzosi na kubishana. Kila nikiwaeleza habari za koni walikuwa wananicheka. "Kaka, yaani unalipa hela ukakimbie kwenye maegesho?"

Basi mwaka jana nikamwendea mama anayeshughulikia wapya kwenye klabu ya otokrosi, nikamwomba niwaletee wenzangu kama wageni. Akafurahi. Akatupa nafasi kumi, kwa sababu siku moja haiwezi kubeba magari yasiyo na hesabu, halafu akanipa masharti: kila mtu ajiandikishe mapema, achukue uanachama wa muda, asaini hati ya kukubali hatari, aliye chini ya miaka 18 asainiwe na mzazi. Na kila mtu afanye kazi zamu moja. Hilo la mwisho alilirudia mara mbili.

Lazima nieleze kazi yenyewe, maana mchezo wote umesimama juu yake. Hakuna vibarua wa kulipwa. Magari yanagawanywa makundi, na kundi moja likiwa linakimbia, lingine liko juani: wengine wanaokota koni, wengine wanapanga magari kwenye mstari wa kuanzia, mmoja anashika kipaza sauti, wengine wako kwenye trela la saa, ambako muda unaandikwa. Ukiwa kwenye kituo cha koni hukai chini, hushiki simu, hugeuzii mgongo gari linalokuja. Koni ikianguka unakimbia, unairudisha kwenye kiboksi chake, unatoa taarifa redioni. Ukimaliza kukimbia raundi zako ukaondoka bila kufanya zamu, matokeo yako yanafutwa, na siku nyingine usishangae ukiambiwa nafasi zimejaa.

Mimi kwenye kundi letu la WhatsApp niliandika: "Na kutakuwa na kazi ndogo ndogo za kusaidiana." Niliogopa. Nikiwaambia ukweli kwamba wataokota koni saa nzima na ushee kwenye joto lile, watu waliotoka zamu ya usiku ghalani au hospitalini, nani angekuja? Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nawapa jembe saa mbili baada ya kufika, tena nimelifunga kwenye karatasi ya zawadi.

Uongo wa pili ulikuwa wa saa. Geti lilikuwa linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi, uandikishaji unafungwa saa mbili na nusu. Nawajua watu wangu, nikawaandikia saa kumi na mbili na nusu. (Kijana mmoja aliyezaliwa huku akauliza kwa nini tukutane saa sita na nusu mchana. Alisoma 12:30. Hilo nalo lilichukua nusu siku kulinyoosha.) Siku ilipofika, tisa wakaja saa mbili kasoro, kama nilivyopiga hesabu. Wa kumi, Mzee wetu Mrundi, alifika saa kumi na mbili na dakika ishirini, akakaa kwenye Corolla yake mbele ya geti lenye kufuli kwa saa nzima. Nilipomwamkia shikamoo akaitika marahaba, kisha akaniuliza kwa upole kama huku nimejifunza uhuni au nilikuja nao.

Ukaguzi wa magari ulitupunguza mara moja. Mkaguzi anataka gari tupu: kapeti za sakafuni nje, chupa za maji nje, kiti cha mtoto nje, hata senti zilizo kwenye kishikio cha kikombe. Anatikisa magurudumu kusikiliza beringi, anaangalia nati zote zipo, betri imefungwa isicheze, breki ukiikanyaga haizami, mafuta hayavuji. Magari yetu mengi yalipita, ingawa mmoja alitoa kwenye buti spika mbili zenye ukubwa wa friji, akaziacha kwenye nyasi kama anahama. Shemeji mmoja, ambaye mkewe ni Mkenya mwenzetu, alikuja na gari la juu, limeinuliwa tena kwa springi. Hapo hakuna mjadala. Gari ambalo kimo chake kimezidi upana wa kati ya magurudumu linaweza kupinduka kwenye kona kali, kwa hiyo haliingii. Alinuna dakika tano, halafu mwenzake akamwazima gari. Madereva wawili kwenye gari moja wanaruhusiwa, wanapokezana. Helmeti nazo zilileta maneno. Stika ya DOT, ya viwango vya serikali, peke yake haitoshi, wanataka ya Snell, taasisi inayopima helmeti. Bahati nzuri klabu ina za kuazima, zinanuka jasho la vizazi.

Kisha kutembea njia. Hapa ndipo nilipojifunza kitu kuhusu wageni wangu. Kabla ya kuanza, kila mtu anaruhusiwa kuipita njia kwa miguu, mara nyingi awezavyo, maana ukikaa nyuma ya usukani koni zote zinafanana. Unaona bahari ya chungwa tu, hujui mlango uko wapi. Kuna koni zinazolazwa chini kama mishale kukuonyesha upande wa kupita. Vijana wetu walitembea mara moja, wakipiga picha. Mzee alitembea mara nne, mikono nyuma, akisimama kila kona na kuinama mpaka usawa wa kichwa cha mtu aliyekaa kwenye gari. Siku nzima hakukosa lango hata moja. Vijana? Raundi ya kwanza watatu walipotea, mmoja akatokea upande wa kuanzia kama mtu aliyerudi kufuata simu.

Kukimbia kwenyewe sitakaa nako sana, kila anayependa magari anaweza kukisia. Kelele, matairi kulia, watu wazima wanashuka wanatetemeka vidole. Mwalimu anakaa pembeni yako anakuambia kitu kimoja tu kwa njia mia: tazama mbele, tazama koni ya tatu, ile iliyo mbele ya bampa lako imeshapita. Na funga breki kabla ya kona, usifunge ndani yake. Mwenyekiti ana Mustang ya V8 na alikuja kutuonyesha. Kwenye zile koni za kupita kama nyoka gari lake liligoma kugeuka, halafu likageuka lote kwa pamoja, akabaki anatazama alikotoka.

Zamu yetu ya kazi ndiyo ile niliyoanza nayo. Ilikuja kabla ya kukimbia, kwa hiyo hawakuwa wameonja utamu bado. Walinung'unika kwa Kiswahili, kwa sauti, kwa kuamini kwamba mimi tu ndiye ninayeelewa, na walikuwa sahihi. Aliyetuokoa ni Konda.

Konda tunamwita hivyo kwa sababu kabla ya kuja huku alikuwa kondakta wa daladala Dar es Salaam, njia ya Mbagala. Gari lake ni la kawaida na uendeshaji wake, Mungu amsamehe. Lakini mpe redio. Kazi ya redioni inataka namba ya gari, idadi ya koni, mahali, basi. Wapya wengi wanasitasita, wanasema "aa, nadhani", trela linauliza tena, gari lingine limeshaondoka. Konda alikuwa anaita kabla vumbi halijatua. Sauti moja, pumzi moja, hakosei namba, hata gari likipita kwa kasi na namba zimebandikwa kwa tepu ya karatasi. Mtu aliyekuwa anajua nani ameshuka bila kulipa kwenye gari la watu sitini, koni mbili zitamshinda nini? Kufika nusu ya zamu, mama yule wa wapya alitoka trelani kuja kumwona ni nani. Wenzake walipoona anasifiwa, nao wakaanza kukimbilia koni kama mpira wa adhabu.

Baadaye, wakati wa kukimbia kwetu, walipungukiwa na mtu wa kituo, Konda akajitolea tena. Mwenyekiti akiwa kwenye raundi yake safi kuliko zote, Konda akampungia bendera nyekundu. Kulikuwa na mwokota koni aliyechelewa kurudi pembeni. Mwenyekiti alisimama, akashusha kioo, akamwambia maneno ambayo sitayaandika. Konda akamjibu, "Mwenyekiti, nenda, utarudia," na kweli kanuni inampa raundi nyingine bure. Akarudia, akaangusha koni tatu.

Mchana wakaanza kubishana juu ya karatasi ya matokeo. Pale wanatumia kitu kinaitwa PAX: kila daraja la gari lina namba yake, sekunde zako zinazidishwa kwa namba hiyo ili gari dogo na gari kubwa vilinganishwe. Tuseme umekimbia sekunde 50 na namba yako ni 0.8, unahesabiwa 40. Corolla ya Mzee, ambayo kwa sekunde tupu ilikuwa nyuma ya Mustang, kwa PAX ikatangulia. Mwenyekiti akaikodolea karatasi muda mrefu. "Kwa hiyo sikushindwa na mtu," akasema, "nimeshindwa na hesabu." Mzee akamkumbusha kwamba Safari Rally ilipoanza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kulikuwa na matope, na matope nayo hayakujali injini ya mtu. Wazungu waliokuwa karibu wakataka kujua Safari Rally ni nini, na hapo Mzee akapata wanafunzi hadi jioni. Aliwapa Joginder Singh, Mkenya aliyeshinda na Volvo mwaka 1965, kama vile alikuwa kwenye kiti cha pembeni.

Ningependa siku iwe imeishia hapo.

Saa kumi na moja, watu wanaanza kuondoka, kijana wetu mmoja akafika getini, akakanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Matairi yakalia, moshi ukapanda, wenzake wawili wakashangilia kwa honi. Sekunde tano tu. Lakini klabu za otokrosi haziogopi ajali kama zinavyoogopa jirani. Uwanja si wao. Mwenye uwanja akipigiwa simu mara mbili kuhusu kelele, mkataba umekwisha, na kupata lami nyingine kubwa hivyo ni kazi ya miaka. Ndiyo maana eneo la maegesho unatembea mwendo wa mguu, na ujinga wa getini unahesabika kama ujinga wa uwanjani.

Mkuu wa shughuli hakumfuata kijana. Alinifuata mimi. Hakufoka. Aliniuliza tu, "Yule ni wa kwako?"

Nikasema ndiyo. Ungekuwa wewe ungesema nini?

Nilimwendea Mwenyekiti nikiwa nimejiandaa kusikia kwamba hao ni vijana tu. Hakusema hivyo. Alimpigia kijana simu, akamwambia arudi. Akarudi. Akampeleka mwenyewe kwa mkuu, akasimama nyuma yake kama mjomba aliyeitwa shule, kijana akaomba radhi. Kisha Mwenyekiti akavua saa yake, akaiweka mfukoni, na wote wawili wakaenda kukusanya koni. Zinapangwa moja ndani ya nyingine, minara mirefu, zinapakiwa kwenye trela. Sikuwa nimewaomba. Walikuwa wa mwisho kutoka.

Mwaka huu tumepewa nafasi sita badala ya kumi. Nimeliona hilo, na mama wa wapya anajua nimeliona, hatujalizungumza. Alichouliza ni kama mtu wa redio atakuja.

Kwenye WhatsApp safari hii nimeandika kila kitu: zamu ya kazi ni saa nzima na zaidi, leteni kofia na maji, raba nyeupe ziacheni nyumbani, geti saa moja na nusu asubuhi, yaani 7:30. Mzee ndiye wa kwanza kujibu. Amesema ameshanijua, nikiandika saa moja na nusu maana yake ni saa mbili na nusu, kwa hiyo atafika hiyo saa mbili na nusu. Nimempigia mara tatu. Hapokei.