Pumba za mahindi na punda wa Lamu: ninavyokwepa sumukuvu

Kwa punda, pumba ndiyo sehemu ya mahindi ninayoiogopa zaidi. Kuvu wa Fusarium hutengeneza sumu ya fumonisini mahindi yakiwa bado shambani, na nyingi hukaa kwenye ganda la punje na kwenye chenga. Kinu kikikoboa, ganda hilo ndilo linalotiwa gunia likaitwa pumba. Hata zikiwa safi kwa macho, sumu yaweza kuwamo. Ng'ombe huihimili zaidi. Punda na farasi, sumu hiyo huwayeyusha ubongo.

Marekani hushauri mahindi ya punda na farasi yasizidi miligramu 5 za fumonisini kwa kilo, tena yasipite asilimia 20 ya chakula chote. Punda wa kilo 130 hula kama kilo 2.5 za chakula kikavu kwa siku, kwa hiyo sivuki nusu kilo ya mahindi. Kilichobaki ni majani makavu.

Nanunua punje nzima. Nachekecha kwa matundu ya milimita 4 hadi 5, chenga na vumbi vishuke. Halafu natia punje kwenye ndoo ya maji, nakoroga, naengua zinazoelea, maana nyingi ya hizo nyepesi zimeliwa na kuvu. Zilizozama nalisha siku hiyo hiyo. Zikilala na maji kwa joto letu zinachacha. Chenga na zilizoelea nazika. Usimwagie bata: humo hukaa aflatoksini pia, sumu nyingine ya kuvu, na bata hawaiwezi kabisa.

Gunia linalovuka kwa mashua kutoka Mokowe, gati ya upande wa bara, hasa kusi likivuma, hurushiwa maji. Natumbukiza mkono hadi kiwiko: pakiwa na joto katikati, au punje zimeshikana mabonge, silipokei. Kulianika kunakausha tu, sumu inabaki. Ghalani naliweka juu ya mbao, mbali na ukuta wa matumbawe, maana ukuta huo una unyevu mwaka mzima.

Dalili huja baada ya wiki kadhaa: punda anaacha kula, mdomo wa chini unalegea, anasukuma ukuta kwa kichwa, anazunguka upande mmoja, haoni. Akishafika hapo, mara nyingi hufa ndani ya siku mbili tatu, na dawa hakuna. Wa pepopunda hukakamaa mwili mzima, huwezi kumchanganya. Kichaa cha mbwa ndicho kinachofanana, kwa hiyo usimtie mkono kinywani ukidhani amekabwa. Mtenge, waachishe wenzake mahindi yale siku ile ile, na mbakizie daktari wa mifugo kilo moja ya mahindi hayo akapime.