Fulana ya Bure

Meza iliwekwa nje ya mgahawa wa chuo, mahali ambapo huwezi kwenda kula bila kuipita. Ilikuwa Oktoba 2006. Nilikuwa na miaka 20, miezi miwili Ohio, Marekani, na kazi ya kuosha vyombo katika jiko la chuo. Kijana aliyekaa pale alinizidi mwaka mmoja au miwili tu, na mbele yake palikuwa na rundo la fulana za rangi ya chuo chetu. Jaza fomu ya kadi ya mkopo, chukua fulana. Nilikuwa nimetoka Magomeni na fulana tatu, na mashine ya kufulia ilidai sarafu ambazo sikuwa nazo. Nikajaza.

Penye kipato nikakwama. Nikamwambia naosha vyombo saa 20 kwa wiki, ndizo ambazo viza ya mwanafunzi inaruhusu. "Jumlisha na unazotumiwa na wazazi," akasema bila kuinua kichwa. Wazazi wangu hawakuwa wakinitumia senti. Wao ndio walikuwa wakisubiri nitume. Nikaandika dola 6,000 kwa mwaka, namba iliyonijia tu. Uongo huo ni wangu, simtupii mtu.

Kadi ikaja kwa posta, kikomo cha kukopa dola 1,000. Kwa hesabu ya nyumbani wakati ule ni zaidi ya shilingi milioni moja, na sikuwa nimetoa jasho lolote. Akili ilihama kidogo.

Koti la baridi dola 110, hilo sijutii hadi leo. Vitabu dola 340. Halafu Novemba simu ikapigwa kutoka Dar: kaka anaoa, kamati imeshakaa, na mimi nimeandikiwa mchango wa dola 500. Sikuahidi mimi. Niliahidiwa na mwenyekiti wa kamati, kwa sababu niko Marekani. Tulikua tukisikia kukopa harusi kulipa matanga, na mimi nikaenda kukopa kwa ajili ya harusi yenyewe. Nilichomeka kadi kwenye mashine ya kutolea fedha, zikatoka. Karatasi zilizokuja na kadi zilieleza kwa herufi za mchwa kwamba fedha taslimu hukatwa asilimia 3 papo hapo, na kwamba riba yake huanza siku hiyo hiyo bila kungoja bili. Sikuwa nimezisoma.

Siku tatu baada ya Krismasi tulibaki watatu bwenini, wageni watupu. Nikanunua kuku wa kukaanga na soda, dola 21. Kadi ikakubali. Sikujua kwamba kuku yule amenivusha kikomo kwa dola 4. Ingekataa, ningeona aibu ya dakika mbili pale dukani na tungerudi kupika wali. Ilikubali, kisha ikaniandikia faini ya dola 39 kwa kuvuka. Bili nayo nikachelewa kuilipa, 39 nyingine, na riba ikapandishwa hadi asilimia 29.99. Januari nililipa dola 30. Stetimenti ya Februari ikasoma dola 1,138. Nalipa, na deni linanenepa.

Jumamosi moja nikazitia bahasha zote kwenye mfuko wa plastiki nikaenda kwa Mama Mdogo. Si ndugu wa damu; ni mama wa Tanga aliyekuwa akihudumia wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na kila Mtanzania wa mji ule alikula kwake. Alivaa miwani, akazipanga bahasha mezani kwa tarehe, akasoma zote. Wali ulipoa.

"Mwanangu, hii sahihi ya nani?"

"Yangu, Mama."

"Basi."

"Basi nini?" Baba Mdogo akadakia kutoka kwenye kochi. "Mtoto anaosha masufuria, wanampa dola elfu moja. Kosa la nani?"

"La aliyeandika kuwa ana elfu sita."

"Na wao wasiulize? Benki nzima na kompyuta zake?"

"Wao wanauza. Kazi ya muuzaji ni kuuza."

"Hata sumu inauzwa."

Waliendelea hivyo, mimi nikiwa katikati kama sahani. Nilikuwa nikimwaza Mangi, mwenye duka wa mtaani kwetu, na daftari lake la madeni lililofungwa kwa mpira. Mangi alijua mshahara wa baba unaingia tarehe ngapi na tuko watu wangapi nyumbani. Siku moja, tarehe za ishirini na kitu, nilitumwa sukari kilo moja ya kukopa. Akafungua daftari, akatazama, akanipimia nusu. Mama alikasirika sana, akasema tumedhalilishwa. Mangi hakuwa malaika. Bei ya mkopo aliipandisha kidogo na sote tulijua. Lakini tukishindwa kulipa, hasara ilikuwa yake, kwa hiyo alitazama kwanza. Benki yangu ilipata zaidi nilipokosea kuliko nilipopatia. Hapo ndipo nilipoanza kumwelewa Baba Mdogo, ingawa sahihi ilibaki yangu.

Mei 2009 Obama alitia saini sheria ya kadi za mkopo, ikaanza kazi Februari 2010 kwa sehemu kubwa. Aliye chini ya miaka 21 sharti aonyeshe uwezo wa kulipa au awe na mdhamini. Faini ya kuvuka kikomo haitozwi mpaka mwenyewe akubali mapema kuvushwa. Na zawadi za kumshawishi mwanafunzi ajaze fomu chuoni zikapigwa marufuku. Nilicheka peke yangu: fulana yangu imetungiwa sheria.

Lakini jioni ile sheria haikuwapo, kulikuwa na simu. Mama Mdogo alipiga namba iliyo nyuma ya kadi, akaweka spika, akanisukumia. Tulisikiliza muziki muda mrefu. Mtu aliyepokea alikuwa mpole kupita kiasi. Nikaomba kama nilivyofundishwa: mimi mwanafunzi, ni mara ya kwanza, nisaidie hizi faini. Akafuta moja, dola 39, kwa hisani. Mshahara wa chini Ohio ulikuwa umepanda Januari ile hadi dola 6.85 kwa saa; kichwani nikaona karibu saa sita za masufuria zimefutika. Nikashukuru mno.

Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya upole, kwamba ili nisisumbuliwe tena na faini ya kuvuka, anaweza kunipandishia kikomo sasa hivi hadi dola 1,500.

Baba Mdogo akapiga kofi la paja. "Si nilisema?"

Mama Mdogo hakumtazama. Alinitazama mimi, miwani imeshuka puani. "Na yeye akubali, tuone."

Naona haya kusema nilinyamaza kwa muda gani.