Hina mkononi, noizi masikioni: shabiki wa Lamu

Kila nikimwambia mtu kuwa mimi ni shabiki wa miziki ya chini kwa chini, ile ya majaribio, noizi (makelele yanayotungwa kama muziki), ambienti (sauti za polepole zisizo na mdundo), singeli za mbio za Dar, swali la kwanza huwa moja tu: sasa wewe mtoto wa kike wa Lamu hizo waenda kuzisikiza wapi? Manake watu wakifikiria miziki kama hii wanafikiria klabu, moshi, mataa, vijana wa Nairobi saa nane za usiku. Na kweli huku hakuna hayo. Ukitoka mlangoni kwetu ni kichochoro, punda akipita na mzigo wewe wajibana ukutani, msikiti uko hapo hapo, wazee wakishaswali isha wanataka kulala. Kwenda shoo Nairobi ni boti mpaka Mokowe, basi mpaka Mombasa, halafu safari nyingine tena ya usiku kucha, na hapo bado hujaomba ruhusa nyumbani. Kwa hivyo nasikiza nyumbani, nasikiza kazini, nasikiza njiani na hedifoni ziko chini ya buibui, na siamini hata kidogo kuwa mimi ni nusu shabiki. Hawa watu wengi wao wanatengeneza miziki yao chumbani, mtu mmoja na kompyuta yake, sasa mimi kuipokea chumbani iwe kasoro?

Kazi yangu ni kupaka hina. Hina na piko, maharusi hasa, na wageni kidogo msimu wao ukifika. Bibi harusi mmoja ni masaa, mikono mpaka juu ya kiwiko, miguu, umeinama shingo inauma, na yeye akishachoka kuongea anasinzia. Hapo ndipo masikio yangu yalipofunguka, wallahi. Nyimbo za dakika tatu tatu zinakukatiza, kila saa unataka kushika simu na vidole vimejaa hina, lakini kipande cha dakika ishirini unakiacha kiende na wewe unaenda nacho. Wa kwanza kunishika hivyo alikuwa KMRU, yule kijana wa Nairobi, jina lake Joseph Kamaru, babu yake ndiye yule Joseph Kamaru mwimbaji mkubwa wa Kikikuyu. Albamu yake Peel ilitoka 2020 kwa lebo ya Editions Mego ya Vienna, na kipande cha mwisho, chenye jina hilo hilo, kinapita dakika 20. Ukikisikiza haraka utasema hakuna kitu kinatokea. Kaa nacho. Kuna uvumi wa chini unaopanda polepole sana mpaka hujui umeanza lini kuwa mkubwa hivyo, na nyuma yake kuna vitu vinakwaruza kwaruza kama mtu anapanga vyombo chumba cha pili. Nimeshamaliza mguu mzima wa mtu na kipande hicho na nikahisi nimekaa dakika tano.

Singeli sipakii hina, hilo nimelijua mapema, mkono unafuata. Zile zinakwenda mapigo 200 na zaidi kwa dakika, nyingine karibu 300, ua lote linaharibika. Singeli ni ya kufulia nguo.

Na ndiyo iliyoniingiza huku. Binamu yangu wa Mombasa alinitumia Sounds of Sisso, ule mkusanyiko wa 2017 kutoka studio ya Sisso pale Mburahati, Dar, uliotolewa na ile lebo ya Kampala ambayo jina lake siwezi kulitamka mbele ya mamangu (mnaoijua mnajua). Nilishtuka kwa sababu ndani ya ile mbio nilisikia taarab. Kinanda kimekatwa kipande kidogo, kimekimbizwa, kimerudiwa rudiwa mpaka kimekuwa kitu kingine, lakini ni kile kile nilichokulia nacho. Baadaye nikaja kujua singeli imetokana na mchiriku na taarab na ngoma nyingine za uswahilini Dar, vijana wakaongeza spidi mpaka ikafika inapofika. Nikatafuta Tatizo Pesa ya Jay Mitta, Poaa ya Bamba Pana, zote 2018, na Uingizaji Hewa ya Duke, 2019. Halafu Duma wa Nairobi, albamu yao ya 2020, hao sasa ni makelele kamili, gitaa na mashine za ngoma na Martin Khanja anapiga mayowe kama mtu aliyeona kitu. Mara ya kwanza niliizima. Nikairudia usiku, kwa sauti ya chini, na nikaona kuwa ndani ya yale mayowe kuna mpango, kuna kupumua, kuna mahali anakuachia na mahali anakushika tena. Sai kuna siku hainipiti bila Duma, siku za hasira hasa, ananitoa kitu kifuani.

Ngoja niseme habari ya kununua manake hii naijali sana. Mimi sisikizi bure kama kuna njia ya kulipa. Bandcamp, lile duka la miziki la mtandaoni, tangu Machi 2020 ina ile Ijumaa yake ya miezi fulani, siku ambayo hawakati asilimia yao (kawaida wanakata 15 kwa albamu ya kudanlodi), pesa karibu yote inaenda kwa msanii, na inaanza usiku wa manane kwa saa za California, ambayo kwetu ni saa nne asubuhi, au saa tano ile miezi ambayo Marekani wamerudisha saa zao nyuma. Kwa hivyo mimi Ijumaa hizo kabla watu hawajatoka kwenda kuswali nimeshachagua changu. Zamani ilikuwa mateso kwa sababu sina kadi ya benki, lakini tangu M-Pesa ilete ile kadi ya Visa ya kwenye simu, 2022, nalipa mwenyewe, simwombi mtu. Nachukua MP3 ya 320, albamu ya dakika 40 inakuja kama MB 96, ile FLAC, faili isiyopunguzwa sauti, inaweza kuwa mara mbili tatu ya hapo na bando langu haliwezi. Nadanlodi usiku mtandao ukiwa umetulia, naweka kwenye memori kadi, na mashoga zangu wawili (ndio, tuko watatu Lamu nzima ninaowajua, na wote wanawake) wanakuja kuchukua nakala kwa fleshi. Najua nakala si sawa sawa na kununua, ila tunapeana zamu, mwezi huu nanunua mimi, mwezi ujao fulani, na msanii anayetupenya sana kila mmoja anajinunulia yake. Kuna wasanii kama Slikback ambao wanaacha kazi uweke bei unayotaka mwenyewe, na hao ndio naona aibu zaidi kuweka sufuri.

Hata hivyo kupeana nakala si jambo jipya pwani. Kabla sijazaliwa taarab ilikuwa inakwenda hivyo hivyo, kaseti inarekodiwa harusini, inanakiliwa, inatoka Mombasa inafika Lamu inarudi Malindi, mtu ana Zein l'Abdin wa usiku fulani ambao hakuna duka linao. Mamangu ana sanduku la kaseti hizo mpaka leo. Nilipomwonyesha kuwa lebo ninazozipenda mimi zinatoa kaseti mpaka sasa aliniangalia akasema, "Basi mwanangu sizitupi zangu."

Sasa nije kwa jambo linalonikaa rohoni. Kusikiza noizi miaka yote hii kumenirudisha kwenye vugo. Kwa wasiojua, vugo ni ngoma ya harusi ya wanawake, pembe za nyati au ng'ombe zinapigwa kwa vijiti, kila mwanamke na pembe yake, wanaimba na kwenda. Nimezaliwa nikaikuta, nimelala mgongoni mwa mtu ikipigwa, na sikuwahi kuisikia hasa. Kuisikia kama sauti namaanisha. Mwaka jana harusini nikasimama karibu na ukuta wakipita, pembe thelathini arobaini ndani ya kichochoro cha mawe, na hakuna hata mbili zilizo sawa, moja kavu, moja ina mlio wa juu, moja imepasuka inatoa kama kikohozi, zinagongana na ukuta zinarudi, na kwa sekunde hujui ipi ni pembe na ipi ni mwangwi. Nywele zilinisimama. Ndicho kile kile ninacholipia Ijumaa zile, na kiko mtaani kwetu, kinapigwa na mamangu wakubwa wenye buibui. Lakini vugo likitajwa huwa ni "utamaduni", linapangwa kwenye ratiba ya tamasha katikati ya mashindano ya punda na ya mashua, watalii wanapiga picha, basi. Mimi nasema wale wanawake ni wanamuziki na wanajua wanachokifanya, ukikosea pigo utaangaliwa jicho hilo usisahau.

Sasa lazima nimtaje Halim El-Dabh. Watu wengi wakieleza miziki ya kukata na kugeuza sauti zilizorekodiwa wanaanzia Paris, 1948, kwa Pierre Schaeffer. Lakini El-Dabh, Mmisri, aliazima mashine ya kurekodi kwa waya kutoka redio pale Cairo mwaka 1944, miaka minne kabla, akaenda kurekodi wanawake kwenye zaar, ngoma ya kutuliza mashetani, ndugu kabisa wa ngoma zetu za pepo, halafu akaingia studio akaondoa sauti zile za msingi akabakisha mwangwi na mtetemo. Kilichobaki ni dakika chache tu, na sauti za wale kina mama zimekuwa kama zinatoka kisimani. Naipenda kazi ile sana. Niliposoma kuwa inatokana na zaar nilifurahi nikawapigia simu mashoga zangu wote wawili, nikawaambia jamani haya mambo yameanzia kwetu, kwa wanawake, kwa pepo.

Halafu nikasoma alivyosimulia mwenyewe: wanaume hawaruhusiwi kuingia, kwa hivyo waliingia wamejifunika vichwa kama wanawake.

Hapo nikanyamaza. Manake mimi nimo kwenye shughuli hizo, najua mwanamke anavua buibui, anajiachia, anaimba maneno ambayo nje hayasemi, kwa sababu anajua ndani ni wanawake watupu na mlango umefungwa. Siku hizi harusi zetu simu zinakusanywa mlangoni kwa sababu hiyo hiyo. Na mtu akaingia akachukua ile sauti, na ile sauti ndiyo imekuwa mwanzo wa miziki ninayoipenda. Simlaumu kwa kelele, kijana wa miaka ishirini na kitu na mashine mpya, alikuwa na hamu. Ila wale kina mama hatujui majina yao hata mmoja, na nafikiri hilo ni deni. KMRU naye ana albamu ya 2022, Temporary Stored, ambayo ametumia sauti za zamani za Kiafrika zilizowekwa kwenye makumbusho ya Tervuren kule Ubelgiji, na ukiisikiza unahisi huzuni ya zile sauti kukaa kabatini kwa watu. Nyokabi Kariũki amepita njia nyingine, ile peace places: kenyan memories ya 2022 amerekodi mahali pake mwenyewe, shamba la nyanyake, na kuna wimbo unaitwa Galu, wa ufuo wa huku huku pwani upande wa Kwale. Anarekodi kilicho chake. Nikimsikiza yeye moyo unatulia.

Kwa hivyo vugo. Nataka lirekodiwe vizuri, kwa sauti nzuri, litoke kama albamu, kila pembe isikike. Si la kuwekewa midundo juu, hapana, liachwe lilivyo. Nilipomwendea shangazi yangu, ambaye ndiye hupanga watu kwenye vugo la upande wetu, nilijua atakataa. Hakukataa, ila aliniweka chini kwanza.

"Hizo sauti wataka kumpa nani?"

"Watu wanaopenda kusikiza, shangazi."

"Wanaume?"

"Na wanaume wamo."

Akafikiri. Nikamwekea Galu kwa simu, kisha dakika mbili tatu za KMRU. Ya KMRU akasema kama mashine ya boti iko mbali, na akaniambia nisizime. Halafu akanipa masharti. Nirekodi barabarani tu, wakati wa kupita, kwa sababu huko kila mtu anasikia. Ndani, hapana kabisa. Nyimbo zenye maneno ya ndani zisiwemo, pembe peke yake ziwemo hata nusu saa akipenda Mungu. Kabla sijampa mtu yeyote, wanawake wote waliopiga wakae wasikize mpaka mwisho, na mmoja akisema toa, natoa. Anayetaka jina lake liandikwe liandikwe, asiyetaka aachwe. Pesa ikipatikana inaingia kwenye mchezo wao wa kuchangiana pesa. Na nakala ya kwanza iwe yake, kwa fleshi, manake ana ile redio yake.

Nimekubali yote, na nusu ya masharti yale sikuwa hata nimeyafikiria. Harusi yenyewe ni Mfungo Mosi inshallah, na mimi ndiye mpakaji hina, kwa hivyo nitakuwa na siku mbili za kukaa na wanawake hao kabla ya kupita. Shida ni rekoda. Simu yangu pembe zikiwa kumi tu tayari inapasua sauti, nimeshajaribu. Kama kuna msomaji Malindi au Mombasa mwenye rekoda ya kuazimisha, aandike hapo chini, nitaifuata mwenyewe, na ningependa anifunze pia kuweka levo yake ya sauti inayoingia, manake vugo halianzi polepole.